CDJ Zijue, Usizinunue

Leo sipulizi, nauma tu. Kama unaishi Likoni, Kisauni au Changamwe, hujafika miaka 25 na unataka kuwa DJ, usinunue CDJ. Usinunue mpya, usinunue iliyotumika, usinunue kwa lipa pole pole, na zaidi ya yote usinunue kwa mkopo. Zijue vizuri, kama unavyoijua njia ya kwenu usiku stima ikipotea. Lakini kuzinunua, wacha.

Nasema hivi kwa sababu kuna neno linazunguka maskani zetu na linawamaliza vijana: "DJ bila CDJ si DJ." Wanaolisema ni wa aina tatu. Kuna ma-DJ waliotangulia, ambao wangependa mlango ubaki mwembamba. Kuna wauzaji, ambao kazi yao ni kuuza na siwalaumu. Halafu kuna sisi wa kutengeneza vidio, ambao mtu akiazimwa deki kwa saa moja anapiga picha nayo mia moja na anazitoa mwaka mzima kama ni zake. Kijana wa Mshomoroni anatazama na kuamini kwamba kinachomkwamisha ni deki. Kumbe kinachomkwamisha ni nyimbo 200 kwenye simu na kazi moja tangu Krismasi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nimeambiwa mara nyingi kwamba bila cheti mimi si mtu. Kwa hiyo neno "bila hiki we si kitu" nalijua harufu yake. Tulitoka kuabudu cheti, sasa tunaabudu deki.

Wacha tuelewane kwanza CDJ ni nini, maana wengi wanaitamani bila kuijua. Pioneer walitoa CDJ-500 mwaka 1994, wakati ma-DJ wengi duniani bado walikuwa wanazungusha santuri. Mwaka 2001 wakaja na CDJ-1000, yenye gurudumu kubwa juu, ile jogi, ambayo unaishika na kuivuta kama santuri. Hiyo ndiyo iliyowaingiza watu wa klabu. Mwaka 2009 ikaja CDJ-2000: bado inakula CD, lakini pia inasoma flashi, na nyimbo unazipanga nyumbani kwa programu ya rekordbox. Mwaka 2020 wakatoa CDJ-3000. Hiyo haina hata tundu la CD. Deki ya CD isiyokula CD!

Sasa kaa na hilo kidogo. Hicho kitu unachotaka kuuzia pikipiki ya babako ni kompyuta yenye skrini na jogi, inayosoma flashi. Kompyuta nzuri, sikatai. Imara na sauti safi. Lakini ni kompyuta. Kwa hiyo usiulize "nitaonekana DJ?" Uliza "kompyuta gani itanilipa haraka kwa kazi zilizoko huku kwetu?"

Tupige hesabu. CDJ-3000 moja ni zaidi ya dola 2,000. Unahitaji mbili. Mixa ya kuendana nazo nayo iko kwenye bei hiyo hiyo. Hizo ni dola 6,000, na kwa shilingi 129 kwa dola unapata 774,000, kabla ya usafiri, ushuru, kasha na nyaya. Spika bado hujanunua. Tuseme gigi inakulipa elfu tatu, na tuseme una bahati unapata mbili kila wiki. Hiyo ni elfu sita. Utahitaji wiki 129 kuzirudisha pesa hizo. Miaka miwili na nusu, bila kula, bila nauli, bila kumpa mama hata shilingi ya sukari.

Upande wa pili, kontrola ndogo kama DDJ-FLX4 ni karibu dola 300. Pesa za seti moja ya CDJ zingenunua kontrola 20. Ishirini! Ungewapa vijana wa mtaa mzima wa Magongo na ukabaki na ya kwako.

"Lakini kontrola ni toi." Naam, nalijua hilo neno pia. Basi twende kwenye kazi zenyewe tuone toi ni ipi.

Kazi ya kwanza ni baa. Ingia baa yoyote kubwa kuanzia Bombolulu mpaka Mtwapa, tazama ukutani. Skrini. Mteja wa Kenya hasikilizi muziki tu, anautazama. Anataka kuona vidio inabadilika pamoja na wimbo, na DJ akibaki na picha ya kiangazi kwenye skrini watu wanaanza kuuliza kama mashine imeharibika. Sasa sikiliza: CDJ-3000 haichezi vidio. Pioneer waliwahi kutengeneza deki za DVD kwa kazi hiyo, DVJ-X1 ya mwaka 2004 na DVJ-1000 ya mwaka 2006, halafu wakaachana nazo. Leo ukitaka kuchanganya vidio unahitaji laptopu na programu kama VirtualDJ au Serato. Yaani mtu anatumia laki saba na bado anarudi kuomba laptopu ya binamu yake. Kama laptopu ni lazima, kontrola ya elfu 39 imeshafanya kazi ile ile mbele ya mteja yule yule.

Kazi ya pili ni harusi. Huku pwani siku ya kupamba ni ya wanawake watupu. Wewe kaka hata ukiwa na CDJ za dhahabu utaishia getini. Dada zangu, hiyo soko ni yenu, na ni kubwa. Kinachotakiwa pale ni dada anayejua taarabu na chakacha, anayeweza kubeba vifaa vyake mwenyewe, akaviweka mezani na kuvitoa bila kungoja wanaume wa kubeba. CDJ-3000 mbili ni kilo 11, mixa ni kilo nane hivi, kasha bado. FLX4 ni kilo mbili na kidogo. Inaingia kwenye begi la shule.

Na hapo kwa uzito nina neno na watu wa Likoni. Nyinyi mwajua kuvuka feri na mzigo kulivyo. Umati unasukuma, huyu ana kuku, yule ana godoro, na wewe una kasha la laki saba. Saa tisa usiku kazi imekwisha, unatafuta tuktuk ukiwa na kisanduku kinachong'aa ambacho kila mtu anajua kimebeba nini. Wa Kisauni nao sina haja ya kuwaeleza habari za panga. Begi la shule halimwambii mtu kitu.

Kazi ya tatu ni muziki wenyewe, na hapa ndipo wakubwa wetu wanapojifanya wametushinda. Wanasema kontrola inakufanya mvivu kwa sababu ina kitufe kilichoandikwa SYNC, unabonyeza na biti zinakaa zenyewe. Kwanza, CDJ mpya nazo zina kitufe hicho hicho. Pili, ngoja ukutane na wazee. Weka bango ya Mzee Ngala, au taarabu ya zamani, au chakacha iliyorekodiwa na watu walio hai, ngoma imepigwa kwa mkono. Tempo inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapumua. Programu inachora mistari ya biti sawasawa kama rula, na wimbo haukai kwenye rula. Ukibonyeza SYNC hapo unapata farasi wawili wanaanguka ngazini. Dawa yake ni sikio, mkono kwenye jogi, na kusukuma kidogo kidogo mpaka zikae. Sikio hilo haliuzwi dukani.

Nitakubali jambo moja, kwa sababu ni kweli: mkono wa pichi kwenye CDJ ni mrefu, na jogi ni kubwa, kwa hiyo kulinganisha tempo kwa sikio ni rahisi zaidi. Kwenye kontrola ndogo mkono ni mfupi, ukigusa tu umeshapita. Lakini mtu aliyejifunza kwenye mkono mfupi akipewa mrefu anafurahi kama mtu aliyejifunzia gari bovu. Kinyume chake ni machozi. Ziba hicho kitufe cha SYNC kwa kipande cha plasta, fanya mazoezi miezi mitatu na bango na rumba, halafu njoo uniambie kontrola ni toi.

Na kama unataka ushahidi kutoka nyumbani kwetu Afrika Mashariki, uko Dar. Singeli ni muziki wa mitaa ya Dar es Salaam, unaokwenda kasi ya biti 200 kwa dakika na kupanda. Haukujengwa kwenye deki za bei. Sisso na Maiko wamefika majukwaa ya Ulaya wakipiga kwa laptopu, wakigonga kibodi kama watu wanaodaiwa. Wazungu walilipa tiketi kuwaona. Hakuna aliyesimama katikati ya watu akauliza, "CDJ ziko wapi?"

Sasa nije kwa jambo linaloniuma kabisa. Kuna wanaosema sawa, mpya ni ghali, nitatafuta za zamani. Jirani yetu mmoja alifanya hivyo. Mamake anauza viazi karai na bajia jioni, na alichukua pesa kwenye chama kwa ajili ya mtoto. Kijana akaona tangazo la "CDJ pea moja, safi kama mpya", akatuma pesa, deki zikaja na basi. Zilikuwa CDJ-800. Akazigeuza kila upande akitafuta pa kuchomeka flashi. Hakuna. CDJ-800 inakula CD tu! Laptopu yake haina hata tundu la kuchoma CD. Muuzaji hakudanganya, aliandika CDJ na zilikuwa CDJ. Deki zikakaa juu ya kabati na kitambaa cha kufunikia, na mama akaendelea kulipa chama kwa viazi.

Usiniambie huyo kijana ni mjinga. Alifanya alichoambiwa: bila CDJ we si DJ. Hakuna aliyemwambia ni CDJ gani.

Kwa hiyo kwa mtu ambaye hata baada ya maneno yangu yote atanunua tu, maana nawajua, angalau jua haya. CDJ-800 na CDJ-1000, matoleo yake yote, ni za CD, usizitazame mara mbili. CDJ-350, CDJ-850 na CDJ-2000 zinakula CD na flashi. XDJ-700 na XDJ-1000 ni za flashi bila CD, na kwangu mimi hiyo ni sifa, kwa sababu kinachokufa kwanza kwenye deki nyingi ni lenzi ya kusomea CD. Na tuko pwani, ndugu yangu. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Mabati yanakula kutu, betri za tochi zinavuja, unadhani lenzi ya Japani itasamehewa?

Usitume pesa kabla ya kuigusa deki. Nenda na flashi yako, iwe FAT32, kwa sababu deki nyingi za zamani hazisomi exFAT wala NTFS. Weka wimbo, uiache icheze nusu saa mpaka ipate moto, maana nyingine zina adabu dakika kumi za kwanza tu. Bonyeza PLAY na CUE mara hamsini. Vitufe hivyo viwili ndivyo vinavyochoka mapema. Tikisa flashi kidogo uone kama tundu limelegea. Soma kibandiko cha nyuma: umeme wetu ni volti 240, na deki iliyotengenezewa volti 100 au 120 za Japani na Marekani itatoa moshi kabla haijatoa wimbo. Na omba risiti, usije ukanunua kilio cha DJ mwenzako.

Najua swali lililobaki. "Nikiitwa klabu kubwa Nyali, nikute CDJ mezani, nitafanya nini?" Swali zuri, na ndiyo maana nilisema zijue. CDJ ni lugha ya klabu duniani kote, na mtu anayeingia mahali popote na flashi mbili mfukoni ana uhuru ambao wa laptopu hana. Sitaki ukose huo uhuru. Nasema tu kwamba uhuru huo haununuliwi kwa laki saba.

Pakua rekordbox. Sehemu ya kupanga nyimbo na kuzipeleka kwenye flashi ni ya bure. Panga nyimbo zako humo, weka alama zako za kiu, uzihamishe kwenye flashi mbili zinazofanana, kwa sababu siku moja moja itakufa. FLX4 imepangwa vitufe kwa kuiga CDJ na mixa yake, kwa hiyo mkono wako utakuwa unajua njia tayari. Halafu tafuta DJ mwenye deki, mlipe saa mbili, tatu. Usipige picha. Jifunze kupakia wimbo, kutafuta kwenye skrini, kuweka lupu, kubana sauti isibadilike unapobadilisha tempo, na kusoma flashi moja kwenye deki zote zikiunganishwa kwa waya wa mtandao. Aliye na sikio tayari, saa chache zitamtosha asitetemeke. Asiye na sikio, hata ukimzika nazo hazitamsaidia.

Na kama lazima CDJ zinunuliwe huku kwetu, basi zinunuliwe na mtaa, zisinunuliwe na mtu. Watu kumi wa Mikindani, kila mmoja shilingi 500 kwa wiki, ni elfu tano kwa wiki. Kwa mwaka ni 260,000 bila deni la mtu. Tafuteni pea iliyotumika vizuri, iwekeni chumba kimoja chenye kufuli, kila mmoja awe na siku yake. Mkitaka, jisajilini kama kikundi. Ule mfuko wa serikali wa biashara za vijana ulioanza 2006 hukopesha vikundi. Mama zetu wamejenga nyumba kwa chama. Sisi tushindwe kununua deki mbili?

Kwa ma-DJ waliotutangulia nina heshima. Mlibeba masanduku ya santuri na mapochi ya CD, mlisimama mlango wa klabu mkingoja kupewa dakika kumi. Lakini shida mliyopitia isiwe kiingilio mnachotutoza. Kijana akija na kontrola yake, msikilize kabla hujaitazama. Akichafua, mwambie amechafua. Akipiga vizuri, mpe dakika zake. Na nyinyi wenye baa mnaomuuliza kijana "una deki gani?" kabla ya kumuuliza anapiga nini, halafu mnamlipa elfu mbili: deki za laki saba kwa malipo ya elfu mbili hiyo hesabu mlifundishwa wapi?

Nunua CDJ siku kazi zako zenyewe zimeziweka pesa mezani, kodi imelipwa, mama amepewa, na bado imebaki. Siku hiyo nunua mbili na mixa yake, na mimi nitakuja kukupigia vidio bure. Kabla ya hapo, pesa ya kwanza iende kwenye kontrola, ya pili kwenye spika, ya tatu kwenye hedifoni nzuri. Wale wacheza ngoma wa Kongowea hawataacha kucheza kwa sababu wameona jina la kampuni limekosekana mezani. Wako mbali, kuna giza, na wanachotaka kujua ni wimbo gani unafuata.